Wenye Maslahi Watoke Nje

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Mwalimu wangu,

Salamu nyingi kutoka huku ulikotukimbia. Mjukuu ameshaanza kukutambua, au bado analala tu kama mdhamini kwenye kikao cha bajeti? Mpe mama yake hongera zangu, na yeye mwenyewe mwambie kuna mzee huku ameshampasulia mbao za kitanda.

Ningekupigia simu, lakini unalijua sikio langu. Msumeno wa umeme umelimaliza, na nikizungumza kwenye simu mtaa mzima unapata habari. Hii si habari ya mtaa mzima, basi nakuandikia.

Nimeshitakiwa. Lile la Mama Kinanda nililokuandikia mwezi uliopita limezaa lingine. Nyonga yake inaunga taratibu, anatembea kwa magongo, na kinanda chetu cha kanisa huko juu kwenye roshani ya kwaya kimefunikwa shuka tangu ngazi ilipokatika naye. Sasa amepata wakili, na hati imekuja na jina langu peke yangu: mwenyekiti wa wadhamini, aliyejua ngazi ni mbovu akaamua isubiri.

Na kweli niliamua. Wewe ulikuwa umeshasafiri. Fedha ilikuwa ya kazi moja tu, ama ngazi ama paa la chekechea. Nikaipanda ngazi mwenyewe, nikairukarukia, nikasema hii itavuka masika. Watoto walikuwa wananyeshewa darasani, Mwalimu. Nikasema paa kwanza. Fundi mzima nimeshindwa kusikia mbao inayolia chini ya miguu yangu mwenyewe! Tangu siku ile sijalala vizuri, na sikufichi.

Sasa sikia mapenzi yalivyotuponza. Wadhamini wenzangu watano walipoona jina langu liko peke yake, roho ziliwauma. Wakakaa bila mimi, wakamwandikia wakili wa Mama Kinanda: hakuamua peke yake, tuliamua sote, kama ni kosa basi ni letu sote. Wakatia sahihi mmoja mmoja, hata Mwenye Duka, ambaye siku ile alisinzia kikao kizima. Waliponionyesha ile barua nililia. Wakili wa upande wa pili yeye hakulia. Aliongeza majina yao kwenye mashitaka wiki ileile.

Basi ndivyo tulivyo. Na lile swali nililokuuliza kituo cha basi, siku ya safari yako, bado lipo palepale. Sikuharakishi. Ila ngoja ngoja huumiza matumbo, na mimi tumbo langu ni la mzee.

Wako,
Fundi


Jumatatu, tarehe 10 Machi

Fundi,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikiwa na mtoto begani, ya pili nikiwa nimekaa. Kukaa kwenyewe hapa ni mtihani. Binti yangu ana makochi ya kisasa, ukikaa unazama, na kuinuka hadi uje uvutwe. Magoti yangu yanamlaani muuza makochi kila siku.

Nimesikitika kwa ajili ya Mama Kinanda, na nimesikitika kwa ajili yako, na hao watano nimewacheka hadi mtoto akaamka. Wazee wazima! Mtu anazama, nanyi mnamrukia wote ili asizame peke yake, na kamba mmeiacha ukingoni. Lakini nimewapenda zaidi ya nilivyowapenda jana.

Sasa nisikilize kama ulivyokuwa ukinisikiliza zamani, kabla hujawa mwenyekiti. Uliamua vibaya kwa nia njema. Jambo hilo lina kifungu chake. Tulipokuwa tunalisajili kanisa, nilikipigania mwenyewe kile kifungu cha kinga kwenye katiba yetu huku nyote mmenuna mkitaka kwenda kula. Mdhamini akishitakiwa kwa jambo alilolitenda kwa nia njema katika kazi ya kanisa, kanisa ndilo linalobeba gharama za shauri, na fidia pia ikiamriwa. Wewe ukaniuliza, "Mwalimu, kwani ndani ya kanisa nani atamshitaki nani?" Haya, umepata jibu. Nenda kwa wakili wa kanisa kesho asubuhi, na uvae lile koti lenye vifungo vyote.

Swali la kituo cha basi nimesafiri nalo. Jibu lake nitakuletea kwa mdomo wangu, si kwa stempu. Ila usije ukaliuza lile kabati la nguo la milango mitatu. Mtu mmoja hana nguo za milango mitatu.

Wako,
Mwalimu


Jumanne, tarehe 18 Machi

Mwalimu wangu,

Kabati halitauzwa. Nimelipangusa vumbi, na nikalipangusa tena.

Kwa wakili nimekwenda, na wale watano nyuma yangu. Ni binti mdogo, ananiita baba, lakini akifungua katiba unamwogopa. Ofisi yake iko juu ya duka la viatu, ina viti viwili, na cha mteja mguu mmoja unacheza. Nilikitia kabari ya karatasi nikimsubiri.

Amesema kinga ipo, lakini haijitoi yenyewe. Lazima wadhamini ambao hawakushitakiwa wakae, wapime kama sisi tulioshitakiwa tulitenda kwa nia njema, ndipo kanisa litubebe. Kisha akauliza, wasioshitakiwa ni akina nani? Tukatazamana sote sita. Mwenye Duka akaanza kuhesabu kwa vidole, akarudia, akaviweka mfukoni.

Umebaki wewe tu, Mwalimu, mdhamini wa saba. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Mwaka huu wahenga wameula wa chuya, asiyekuwepo ndiye mwenye kila kitu. Katiba inasema hata akibaki mmoja, huyo mmoja ataamua. Asipopatikana hata mmoja, shauri linakwenda kwenye mkutano mkuu wa waumini.

Na mkutano huo ndio ninaouogopa. Kwaya hawanisalimu. Wakinikuta mlangoni wanaangalia viatu vyao. Siwalaumu, mwenzao ameangushwa na ngazi niliyosema ni nzima. Nikinyimwa kinga, wenzangu wataponea pensheni na watoto wao. Mimi nina nyumba tu, hii yenye karakana nyuma. Ikienda hii, sina pa kulala wala pa kushikia randa, na sina uso wa kumuuliza mwanamke yeyote swali lolote.

Wakili atakutumia hati ya tamko. Unaijaza kwanza, ndipo unapewa majalada usome. Anayeamua asiwe ndugu yangu, wala mwenza, wala mtu mwenye lolote la kupata au kupoteza pamoja nami. Aliponiuliza kama wewe ni lolote kati ya hayo nikamwambia hapana. Ni kweli, sivyo? Si bado hujanijibu.

Wako,
Fundi


Alhamisi, tarehe 27 Machi

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Nimepokea hati ya tamko kutoka kwa wakili wa kanisa. Nitaijaza, na majalada yakifika nitayasoma yote kwa haki.

Hadi hapo naomba usiniandikie jambo lolote lililo nje ya shauri hili.

Kuhusu swali la kituo cha basi, jibu ni hapana. Naomba lisirudiwe. Kabati unaweza kuliuza.

Wako katika kazi ya kanisa,
Mdhamini


Ijumaa, tarehe 4 Aprili

Mwalimu,

Umenikataza kuandika, na hii ndiyo ya mwisho. Naandika kwa sababu kuna mzigo njiani, na mzigo usio na maelezo humtia mtu wasiwasi.

Sikulaumu. Nimekaa na barua yako karakana, nimeikunja, nimeikunjua, nikajiambia, mzee, ulitarajia nini? Nani ataolewa na mtu ambaye nyumba yake iko kwenye karatasi za mahakama? Ulipoondoka nilikuwa mwenyekiti, sasa ni mshitakiwa wa kwanza. Mtu ana haki ya kuangalia anapokanyaga. Mimi ningeangalia mapema ngazi ingekuwa nzima, na wewe ungekuwa unaniandikia habari za mjukuu.

Imeniuma. Basi, nimesema, sitairudia.

Mzigo ni kiti. Nilikianza siku ile uliponiandikia kwamba unazama kwenye makochi. Nilikwenda shuleni kwako nikaomba kupima kile kiti ulichokalia miaka yote darasani, ili kimo kiwe kilekile yalichokizoea magoti yako. Mikono yake nimeipeleka mbele kidogo, upate pa kujisukumia ukiinuka. Usidhani ni hongo. Kama sheria inakataza, mjukuu akikalie hadi shauri liishe. Lakini kilikuwa chako kabla mambo hayajaharibika, na siwezi kukiuzia mtu mwingine kiti cha magoti yako.

Ngazi ya roshani nimeitengeneza upya, kila kidato. Mama Kinanda huja na magongo yake, anakaa kwenye kiti cha mwisho ananitazama. Mawakili wametukataza kusemeshana, basi hasemi. Ananyoosha gongo tu kwenye msumari uliotokeza, nami naugonga. Mpaka sasa hajanionea hata mara moja, kila alipoonyesha palikuwa na kasoro kweli.

Amua kwa haki. Ukiona sistahili, sema sistahili. Sitakununia.

Fundi


Jumamosi, tarehe 12 Aprili

Kwa Mchungaji, na kupitia kwako kwa waumini wote. Naomba isomwe kwa sauti.

Mchungaji wangu,

Hati ya tamko inanitaka niandike kwamba sina undugu, sina ndoa, na sina la kupata wala kupoteza pamoja na mshitakiwa wa kwanza. Nilikaa kuijaza. Nilikaa kwenye kiti kilichotengenezwa na mshitakiwa wa kwanza.

Niliinuka, nikamkogesha mtoto, nikarudi, nikakaa tena. Kiti kile kinanikaa kama nilizaliwa nacho. Kalamu ilifika kwenye "sina" ikagoma. Nimefundisha watoto wa watu miaka mingi kwamba usiandike jibu unalojua si la kweli hata kama ndilo linalopata alama. Siwezi kuanza leo.

Basi niseme. Kabla sijasafiri aliniuliza kama nitakubali kuolewa naye. Nilikuwa nimeshakubali basi likiwa bado halijatoka kituoni, ila nilijifanya mtu wa kufikiri, maana mwanamke wa umri wangu naye anapenda kubembelezwa. Baadaye nikaambiwa mimi ndiye niliyebaki wa kuamua, na mwenye kuamua asiwe na lake. Nikapanga hesabu yangu peke yangu. Nikimkataa, nitakuwa huru. Nikiwa huru, nitampa kinga, na nyumba yake itapona. Nikamwandikia hapana, kavu, bila hata salamu. Niliitia posta, nikarudi nikamwambia binti yangu macho yananiwasha.

Lakini mtu anayemkataa mwanamume ili amwokolee nyumba, huyo si huru, amefungwa kuliko wote. Na siku ukweli ukitoka, wakili wa upande wa pili angesema kinga imetolewa na mchumba, na angekuwa na haki. Ingefutwa, na wote sita wangebaki mikono mitupu, wakiitwa wajanja juu yake. Mama Kinanda naye angeona kwamba tulimdanganya baada ya kumvunja.

Kwa hiyo natangaza mbele yenu: nina maslahi. Nampenda. Nakusudia kuolewa naye, kama hajabadili nia baada ya barua yangu mbaya, katika nyumba yoyote itakayobaki, hata chumba cha kupanga. Siwezi kuamua shauri hili. Lipelekeni kwenye mkutano mkuu.

Najua nimemwondolea kura aliyokuwa na hakika nayo, na kama nyumba ikienda nitakuwa nimeshika upande mmoja wa kuibeba. Nalijua hilo na bado naandika. Kwenu nina neno moja tu. Msiulizane kama ngazi ilivunjika, sote tunajua ilivunjika. Ulizaneni kama aliyeamua alikuwa anatafuta la kwake. Halafu mwinuke au mkae kama moyo utakavyowatuma.

Wenu,
Mwalimu


Jumatatu, tarehe 21 Aprili

Mwalimu, Mwalimu, Mwalimu,

Utanisamehe mwandiko, naandika haraka.

Mimi sikuambiwa kitu. Mchungaji aliniambia tu kwamba umejitoa na shauri linakwenda mkutanoni. Nikajua yamekwisha. Nikadhani hata kuamua juu yangu umeona ni mzigo. Jana baada ya ibada nilirudi kanisani kwa mkutano na lile koti, vifungo vyote, nikakaa mbele. Kabla sijapata joto kwenye kiti, yule wakili binti akasimama: "Wenye maslahi katika shauri hili watoke nje." Tukatoka wote sita. Wale watano wakaenda kujificha jikoni kwa chai. Mimi chai sikuitaka, nikakaa kwenye benchi la ukutani, chini ya dirisha.

Mama Kinanda yeye alipewa nafasi ya kusema kwanza. Kisha mlango ukafunguka, naye akatolewa, maana mdai pia ana lake. Akaja na magongo yake, akatazama huku na huku. Benchi ni moja. Akakaa. Tukatazama mbele, kila mtu na lake.

Ndipo vikapigwa vigelegele humo ndani, vikubwa, hata mimi nilivisikia. Kisha vicheko. Nikapata baridi. Nikasahau kukatazwa.

"Mbona wanashangilia? Nyumba yangu imeshakwenda?"

"Kwani hujaambiwa?"

"Nitaambiwaje? Hata mimi na wewe tumekatazwa kuongea."

"Tumekatazwa kuongea ngazi," akasema. "Mapenzi hayamo kwenye hati."

Akanieleza kwamba humo ndani wanasomewa barua yako, yenye jibu langu. Barua yako wakili wake alipewa nakala, na yeye amekaa nayo moyoni siku zote hizi, akinitazama nikigonga misumari kama mfiwa. Alisema mara kadhaa alitaka kunirushia gongo. Mwalimu, nililia mbele ya mtu aliyenishitaki. Akanipa leso yake. Nikamwambia pole, Mama Kinanda, pole kwa nyonga, pole kwa yote. Nimekuwa nikitaka kulisema neno hilo tangu siku ile, mawakili wakinizuia. Akasema, "Hilo nalo ni habari ya ngazi." Kisha akasema, "Nimepoa, kaka."

Nikamuuliza amewaambia nini mkutanoni. Akaona haya kidogo.

"Nimewaambia sikushitaki nipate nyumba ya Fundi. Nyumba ina karakana, nitapiga randa mimi? Nilikuwa nawapigia kinanda wao wote, sikuwa nampigia Fundi peke yake. Basi wanilipe wao wote."

Humo ndani kukawa kimya. Unajua desturi yetu, anayekubali anainuka, asiyekubali anabaki amekaa. Na mimi sikio langu halinisaidii. Nikamuuliza vipi huko, akaniwekea kidole mdomoni. Alikuwa amefumba macho, anasikiliza kama anatafuta sauti ya kuanzia wimbo. Mabenchi yale niliyatengeneza mimi, lakini yeye ndiye anayeyajua kwa mlio, amekaa roshani juu yake miaka yote hiyo.

"Benchi la mbele limelia," akasema. "Wazee wameinuka." Kisha, "La akina mama." Kisha akanishika mkono.

"Nini?"

"La kwaya. Fundi, kwaya imesimama."

Nimetia sahihi kwamba mahakama ikiona sikuwa na nia njema nitarudisha kila kitu kwa kanisa. Nimetia kwa mkono mwepesi. Shauri linaendelea, Mama Kinanda atalipwa anachostahili, na nyumba imebaki na kabati ndani yake.

Sijabadili nia. Unadhani miguu ya kiti kile niliisugua kwa msasa mwororo kwa ajili ya nani?

Wako, sasa kwa idhini ya mkutano mkuu,
Fundi


Jumatatu, tarehe 28 Aprili

Fundi wangu,

Nimelia, nimecheka, na binti yangu amesema niondoke kabla sijamfundisha mtoto wake kelele. Nakuja kwa basi la Alhamisi. Simama upande ambao sikio lako zuri litanielekea. Jibu lako nitalisema mara moja tu, sitaki kulirudia kwa sauti mbele ya abiria.

Wakili ameniandikia. Anasema kuanzia sasa, kila mtakapojadiliwa ninyi mkutanoni, nami nitatakiwa kutoka nje. Mwambie Mama Kinanda asogee kidogo pale kwenye benchi. Asiposogea si neno, kiti changu nakuja nacho.

Mwalimu wako